Miezi Tisa Bila Viatu Mtwara Mjini

Kuanzia Juni 2022 hadi Machi 2023, mimi, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, nilitembea peku. Nilipanda daladala peku, nilikwenda sokoni peku, nilihudhuria misiba peku, na nilisimama mbele ya darasa langu peku, katika mji ambao mtu mzima anayeonekana barabarani bila viatu hupewa haraka moja kati ya sababu tatu: hana uwezo, hana akili timamu, au ametoka kwa mganga na sharti lake. Sababu yangu haikuwa miongoni mwa hizo. Najua wapo wengine wanaosumbuliwa na kile kilichonisumbua, kwa hiyo nimeona niandike mambo yalivyokwenda, pamoja na makosa yangu, ambayo mengi yalitokana na namna nilivyowajibu watu kuliko namna nilivyoitunza miguu.

Ugonjwa ulianza kama muwasho mdogo juu ya mguu, pale pale mkanda wa ndala unapopita. Baada ya wiki chache yakatoka malengelenge madogo madogo, yakapasuka na kutoa majimaji, yakaacha ngozi nyekundu iliyochanikachanika. Kila niliyemwonyesha aliniambia ni fangasi, nami nikaamini, kwa kuwa pwani yetu ni ya joto na unyevunyevu, na fangasi ya miguu ni jambo la kawaida kwetu. Kwa miezi mitano nilinunua dawa za kupaka madukani, moja baada ya nyingine, bila kupimwa. Jirani mmoja alisema huenda nimekanyaga mafuta ya maganda ya korosho, na hilo kwa Mtwara si la kupuuzwa, maana mafuta hayo huunguza ngozi, na akina mama wanaobangua korosho nyumbani wanayo makovu yake viganjani. Lakini kulikuwa na alama moja ya wazi ambayo sikuisoma. Fangasi hupenda kuanzia katikati ya vidole vidogo, mahali jasho linapotuama, ilhali vidole vyangu hivyo vilikuwa vizima kabisa, na vidonda vyangu vilifuata umbo la mkanda, kana kwamba mtu amenichorea ndala kwa wino mwekundu juu ya mguu. Anayeona upele wake umechora umbo la kiatu chake na amshuku kiatu kwanza, kabla hajatoa hata shilingi moja ya dawa.

Hatimaye nilipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam kwa daktari bingwa wa ngozi. Nilipompigia simu mhudumu kuuliza nije na nini, nilishangaa kuambiwa nije na viatu vyangu vyote. Nikasafiri na mfuko wa jozi saba. Daktari alikata vipande vyembamba kutoka mkanda wa ndala, soli ya raba, na bitana ya viatu vya ngozi nilivyovaa kazini, akavibandika mgongoni mwangu kwa plasta na kunikataza kuoga mgongo kwa siku mbili. Alipovibandua, chini ya kipande cha ndala palikuwa na alama nyekundu iliyovimba, ya mraba, yenye ukubwa ule ule wa kipande chenyewe. Siku mbili baadaye aliniangalia tena, na kipande cha ngozi nacho kilikuwa kimejibu.

Alinieleza kwamba mwili wangu umeshika uadui na kemikali ambazo viwanda huchanganya katika mpira ili ukomae haraka, na vilevile na kromiamu inayotumika kusindika ngozi ya viatu. Jasho huiyeyusha kromiamu hiyo na kuifikisha kwenye mguu, na ndiyo sababu miezi ya joto ilinitesa zaidi. Aliongeza kwamba mzio wa aina hii haujitokezi papo hapo; huja baada ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo mtu huvaa kiatu Jumatatu, akaumwa Jumatano, akalaumu samaki aliyemla Jumanne. Uadui huo ukishaingia hukaa miaka mingi, na tiba kubwa ni kukaa mbali na kinachouchokoza. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula, vipimo na dawa vilikaribia shilingi 300,000, bila kuhesabu dawa za fangasi nilizokuwa nimezimaliza bure.

Nataka nieleweke hapa, kwa sababu wapo watakaodhani niliamriwa na daktari kutembea peku. Hakuniamuru. Alisema nivae plastiki tupu, mti au kitambaa. Nikanunua jozi mbili za plastiki. Ya kwanza ilinitoa jasho na kukwangua ngozi mpya iliyokuwa imeanza kufunga. Ya pili muuzaji aliniapia kuwa ni plastiki, kumbe mkanda wake ulikuwa na mpira, na siku ya pili malengelenge yakarudi. Hapo ndipo nilipoamua kuviacha viatu vyote hadi nitakapopata kinachonifaa. Daktari alikubali kwa masharti: vidonda viwe vimefunga kabisa, chanjo ya pepopunda iwe imekamilika, na sukari yangu ipimwe. La sukari alilisisitiza sana. Mwenye kisukari anaweza kupoteza hisia za nyayo, akakanyaga msumari asihisi, akagundua baada ya kidonda kuoza. Mtu wa namna hiyo hapaswi kujaribu haya hata kwa siku moja, na vivyo hivyo kwa yeyote ambaye ugonjwa mwingine, kama ukoma, umeua hisia za miguu yake. Nilikuta kadi yangu ya chanjo za pepopunda ya wakati wa ujauzito bado ipo kabatini, nikamshukuru Mungu kwamba sikuitupa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya maumivu ya aina nyingine. Nyayo za mtu aliyevaa viatu miaka thelathini ni laini kama za mtoto, na lami ya Mtwara saa saba mchana haina huruma. Nilijifunza kutoka nyumbani mapema, kupita pembeni penye majani au mchanga, na kukaa chini ya mwembe hadi jua lipungue inapobidi. Nilijifunza kutazama chini hatua tatu mbele, kwa sababu ya vigae vya chupa, mbigili, miiba ya samaki karibu na soko, na majivu ya mahali palipochomwa korosho, ambapo mafuta ya maganda huweza kubaki. Kila jioni niliosha nyayo kwa sabuni, nikazikagua kwa tochi ya simu na kuzipaka mafuta ya mgando, kwa maana magaga yakiachwa yapasuke huwa mlango wa vijidudu. Mvua zilipoanza nilikuwa mwangalifu zaidi. Mabuu ya safura hukaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu, na hatimaye huenda kunyonya damu kwenye utumbo. Kwa hiyo sikukanyaga uchafu wa nyuma ya vyoo wala mifereji, hata kama njia hiyo ilikuwa fupi, nami nilimeza dawa ya minyoo kama nilivyoelekezwa.

Miguu ilikomaa baada ya mwezi mmoja. Watu walichukua muda mrefu zaidi.

Watoto wa mtaani kwetu Chikongola walikuwa wa kwanza kunizoea, labda kwa kuwa wao wenyewe hucheza peku. Watu wazima walinitazama miguu kwanza, kisha uso, kisha nguo, kama wanaojaribu kupatanisha habari tatu zinazopingana, kwa sababu juu nilikuwa nimevaa gauni la kazini lililopigwa pasi na mkoba wa mwalimu begani. Makondakta wa daladala za Mikindani walikuwa waungwana kuliko nilivyotarajia, mmoja aliniambia tu, "Anti, angalia bati hapo mlangoni, limechanika." Katika ofisi moja mjini mlinzi alinizuia mlangoni akasema huku hawaingii watu peku. Nilibishana naye kwa sauti kubwa hadi foleni nzima ikageuka kututazama, na bado sikuingia. Siku nyingine nilifika na nakala ya barua ya daktari, nikamwamkia, nikamwonyesha kwa faragha pembeni, naye akanipisha. Nakala hiyo ni muhimu kuwa nayo mkobani, lakini nashauri isitolewe kwa kila anayeuliza. Wengi wanaouliza wanataka salamu na maneno mawili, na ukiwatolea karatasi wanaona umewafungulia kesi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la majumbani. Kwetu pwani kuvua viatu mlangoni ni heshima, na miguu mitupu ndani ya nyumba ya mtu ni adabu. Lakini miguu mitupu inayotoka moja kwa moja barabarani ni kinyume chake, kwa sababu mgeni anaingia na vumbi lote la mji juu ya mkeka wa watu. Nililitambua hili msibani, nilipokuwa naelekea kukaa na wanawake wenzangu, nikaona shangazi mmoja wa marehemu anaikunja pembe ya mkeka taratibu ili nisiikanyage. Hakusema neno. Tangu siku hiyo nilibeba chupa ya maji na kitambaa, na nikifika kwenye nyumba ya mtu nilisimama kizingitini, nikaomba radhi, nikanawa miguu mbele ya mwenyeji na kuifuta, kisha nikaingia. Sijui kitendo kingine kilichobadilisha nyuso za watu kwa haraka kama hicho.

Shuleni mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwalimu mkuu alinielewa, ila aliniomba siku ya ugeni wa wathibiti ubora wa shule nivae viatu "kwa saa chache tu". Nikavaa viatu vyangu vya zamani vya ngozi, nikijiambia kwamba saa nne haziwezi kuniua. Siku ya tatu nilikuwa kitandani, juu ya miguu pamevimba na kutoa maji, na niliwapoteza wanafunzi wangu kwa wiki mbili na nusu. Kosa hilo ni langu mwenyewe, maana barua nilikuwa nayo na ningeweza kuitumia. Mtu mwenye mzio hana saa chache za kumkopesha mtu.

Siku ya kwanza nilipoingia darasa la nne peku, darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza kwa hofu. Niliwaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba ngozi ya mwalimu inaugua ikigusana na viatu. Msichana mmoja aliuliza kama kuna mtu mkubwa, mwenye heshima zake, aliyewahi kuonekana peku mbele ya watu wengi. Nikawasimulia habari za Abebe Bikila wa Ethiopia, ambaye mwaka 1960 alikimbia mbio ndefu za Olimpiki mjini Roma bila viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, na ambaye miaka minne baadaye alishinda tena Tokyo, safari hiyo akiwa amevaa viatu. Darasa lilifurahi, nami nikadhani nimemaliza kazi.

Wakati wa mapumziko kijana mmoja alibaki ndani. Ni mtoto ambaye tulikuwa tumezoea utoro wake, mkimya, anayependa kukaa dawati la nyuma. Alikuwa amekunja miguu chini ya dawati, kidole gumba cha mguu mmoja kikiwa juu ya kidole gumba cha mwingine, kama anayetaka kuufunika mguu kwa mguu. Akaniuliza, "Madamu, kwa hiyo vyako havijakatika?" Nikamjibu kwamba havijakatika, viko nyumbani, vinaniumiza tu. Akatazama sakafu akasema, "Vyangu vimekatika."

Utoro wake wote ulikuwa ni raba zilizofunguka soli. Kila alipofika bila viatu alirudishwa nyumbani kutoka mstarini, na mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wa zamu, nimewahi kumrudisha. Hadithi yangu ya Abebe Bikila ilikuwa nzuri kwa watoto wenye viatu nyumbani. Kwake ilikuwa habari ya mtu aliyechagua, inayosimuliwa na mtu mwingine mwenye barua ya daktari mkobani. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Hatukubishana, kwa sababu miguu yangu ilikuwa mbele ya meza yake na hakuna aliyenirudisha nyumbani mimi. Tulikubaliana kwamba mtoto asiye na viatu aingie darasani kwanza, mazungumzo na mzazi yafuate, na walimu tukachangishana kwa ajili ya wale waliokuwa na shida ya kweli. Katika somo la sayansi niliacha pia kusema kwamba mwenye funza ni mchafu, neno nililokuwa nikilisema miaka yote kwa sababu nami niliambiwa hivyo. Funza mwenyewe aliletwa Afrika kwa meli kutoka Amerika, akaingia Angola miaka ya 1870, na kutoka huko akavuka bara hadi kutufikia. Anaingia kwenye mguu ulio karibu naye, bila kuuliza usafi wa mwenye mguu.

Limebaki kosa langu kubwa, ambalo lilitokea mapema, mwezi Julai, na nilikaa nalo hadi Februari. Karibu na Soko Kuu alikuwepo mama mmoja mzee anayeuza mihogo ya kukaanga chini ya mwembe. Nilimwamkia kama kawaida, akaitikia, kisha akaitazama miguu yangu. "Mwanangu, kimekukatikia njiani?" Kabla sijajibu alikwishavua ndala zake za bluu, akazipangusa kwa pembe ya kanga, akanisogezea. "Vaa hizi. Mimi nakaa hapa hapa mpaka jioni, sina pa kwenda." Nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa kali, na siku hiyo nilikwishajieleza kwa watu wasiopungua wanne. Nikasema, "Hapana mama, siwezi kuvaa hizo," nikapokea mihogo yangu. Nikamwona anazitazama ndala zake, halafu anazitazama nyayo zake zenye magaga, halafu anavuta miguu yote miwili chini ya kigoda. "Basi, mwanangu," akasema. Alidhani nimemwonea kinyaa.

Nililitambua hilo nilipofika stendi, na kwa aibu sikurudi. Nilibadilisha njia. Kwa miezi saba nilizunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele ya mwembe ule, nikiongeza dakika kumi za lami ya moto kila siku. Ningeweza kuzipokea ndala zile kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazibeba hadi mbele kidogo, nikamrudishia jioni. Ningeweza pia kukaa dakika mbili nikamweleza. Anayevua kiatu chake akupe wewe anastahili maelezo kuliko mlinzi wa ofisi, na mimi nilifanya kinyume.

Februari nikarudi. Nilimwamkia, nikaomba kukaa kwenye kibao kando yake, nikamwonyesha makovu juu ya mguu na kumwambia kwamba ngozi yangu inaugua kwa mpira na kwa ngozi ya viatu, na kwamba zile ndala zingekuwa za mti ningezivaa siku ile ile. Akainama, akapitisha kidole juu ya kovu, taratibu, kama anayesoma. "Za mti?" akauliza. "Basi wewe unataka mitalawanda. Bibi yangu alikuwa nayo uani, ya kuendea msalani."

Neno hilo nililijua vitabuni. Daktari aliposema mti, sikuwahi kufikiria kitu ambacho wazee wetu wa pwani walikivaa kila siku. Mama yule ndiye aliyenielekeza kwa fundi, mchonga vinyago wa Kimakonde ambaye riziki yake ni mpingo. Fundi alisema mpingo utakuwa mzito mguuni, akachagua mninga. Alinichora nyayo juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akachonga ubao wenye vikanyagio viwili chini, na mbele akapigilia msuruaki, kile kijiti chenye kichwa kinachobanwa kati ya kidole gumba na cha pili. Hakuna mpira, hakuna ngozi, hakuna gundi. Nililipa shilingi 20,000. Siku za mwanzo msuruaki uliniumiza kati ya vidole, hadi nilipojifunza kuubana kwa ulegevu na kuinua mguu wote badala ya kuburuta. Kwa safari ndefu haifai, na kwenye tope inateleza vibaya, kwa hiyo ufukweni na kwenye mchanga bado naivua. Lakini ofisini naingia, darasani nafundisha, na wanafunzi wananisikia kuanzia mwisho wa ukumbi.

Siku niliyoivaa kwa mara ya kwanza nilipita kwa mama wa mihogo kabla ya kwenda kazini. Alisikia mlio kwenye saruji ya baraza la duka kabla hajaniona, akainua kichwa, akaanza kucheka hadi akashika kifua. Aliomba aijaribu. Nikavua, nikasimama peku kando ya karai la mafuta, naye akaingiza vidole vyake, akanishika mkono, akatembea kutoka kwenye karai hadi kwenye shina la mwembe na kurudi, kok, kok, kok, huku akimwambia mteja aliyekuwa akisubiri mihogo yake kwamba asubiri kidogo.